Mhasibu, Fundi Saa na Dereva wa Lori: Je, Waliotengeneza Saundi Unayoisikia Leo Walikuwa na Digrii?

Kuna ubishi mmoja hauishagi vijiweni. Kijana kachonga boksi la spika, kafunga amplifaya aliyoiunda mwenyewe, kawasha, mtaa mzima umetikisika. Wa kwanza anasema, "Huyu jamaa kichwa, angepelekwa chuo angekuwa mbali sana." Wa pili anadakia, "Chuo cha nini bwana? Wenye digrii zao mbona hawajatengeneza hata kengele ya mlango?" Wa tatu, mara nyingi mjomba mtu, anafunga mjadala kwa swali moja: "Cheti chake kiko wapi?"

Ubishi mtamu, ila unaendeshwa kwa hisia tupu. Kila mtu anamtaja fundi anayemjua yeye, au injinia aliyemkera yeye. Wakati huohuo mashahidi wapo, tena wengi. Wengine kazi zao zipo kwenye kila ngoma unayoicheza kwenye simu, ila majina yao huyajui. Wacha waitwe mmoja mmoja.

Mhasibu asiyejua kupiga gitaa

Shahidi wa kwanza alizaliwa mwaka 1909 huko California, Marekani. Akiwa mtoto alipoteza jicho moja, akawekewa la bandia. Redio alizipenda tangu yuko shule, alikuwa anazifungua na kuzifunga. Lakini alipofika chuoni, pale Fullerton Junior College, alichosomea kilikuwa uhasibu. Akapata kazi ya kutunza hesabu. Uchumi wa Marekani ulipoanguka miaka ya 1930, kibarua kikaota nyasi. Mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Jina lake Leo Fender.

Angalia alichokipata pale dukani. Wanamuziki walikuwa wanamletea amplifaya zilizokufa na magitaa yanayosumbua. Kila siku anaona kinachovunjika, kinachoungua, kinachopiga kelele pasipotakiwa. Miaka inapita, kichwani anajenga orodha ya makosa ya watengenezaji wengine. Hiyo orodha hakuna darasa lililokuwa linaifundisha.

Kwa hiyo alipoanza kutengeneza gitaa lake, lile lililokuja kujulikana mwaka 1951 kama Telecaster, alilitengeneza kama mtu aliyechoka kukarabati. Mbao nzima, hakuna tumbo lenye uwazi. Shingo imefungwa kwa skrubu, ikiharibika unaifungua na kuweka nyingine. Mwaka huohuo akatoa gitaa la besi la umeme, Precision Bass. Kabla yake mpiga besi wengi walibeba lile dude kubwa la kusimama nalo, na bado dramu na tarumbeta zilimfunika. Besi ya umeme ndiyo iliyokuja kuwa uti wa mgongo wa bendi za dansi na rumba kuanzia Kinshasa mpaka Dar na Nairobi. Mwaka 1954 ikafuata Stratocaster.

Na mpaka anafariki mwaka 1991, gitaa hakuwahi kujifunza kulipiga. Wanamuziki waliomzunguka ndio waliokuwa masikio na vidole vyake. Mwaka 1965 kampuni yake ilinunuliwa na CBS kwa dola milioni 13. Si mbaya kwa mhasibu aliyefukuzwa kazi.

Mpiga dramu aliyekopi, akatoa kitu kipya

Amplifaya za Fender zilivuka bahari, ila bei yake Uingereza ilikuwa haishikiki. Mwaka 1960, Hanwell, magharibi mwa London, mpiga dramu na mwalimu wa dramu aliyeitwa Jim Marshall alifungua duka la vyombo vya muziki. Vijana wa magitaa wakajaa pale, akiwemo Pete Townshend ambaye baadaye alitamba na kundi la The Who. Kilio chao kilikuwa kimoja: tunataka amplifaya kali zaidi, na hela ya kununua ya Marekani hatuna.

Mwaka 1962 fundi wa duka lile, Ken Bran, akishirikiana na kijana mdogo Dudley Craven aliyekuwa anajifunza kazi kwenye kampuni ya EMI, wakaichukua Fender Bassman na kuifuata saketi yake. Yaani walikopi, hakuna haja ya kupaka rangi. Ila vifaa vilivyopatikana madukani Uingereza havikuwa vilevile. Transfoma nyingine, spika nyingine, na baadaye hata valvu nyingine, zile taa za kioo zinazowaka ndani ya amplifaya za zamani. Matokeo yake sauti ikatoka tofauti. Ukiipandisha mwisho inakwaruza, inanguruma, na vijana wakapenda hasa ule mkwaruzo. Hapo ndipo ilipozaliwa JTM45, na nyuma yake sauti nzima ya roki iliyojaza viwanja.

Kitabuni, ule mkwaruzo ni kosa. Amplifaya imezidiwa, wimbi la umeme linakatwa vichwa, na sauti inayotoka siyo iliyoingia. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akileta kitu kama hicho kwenye mtihani anafelishwa. Lakini dukani Hanwell mtihani ulikuwa unasahihishwa na wapiga gitaa.

Fundi saa wa Osaka

Sasa shikilia hapa, maana huyu anakuhusu moja kwa moja kama unasikiliza hip hop, trap au Bongo Fleva.

Ikutaro Kakehashi alizaliwa Osaka, Japani, mwaka 1930. Wazazi wake wote wawili walikufa kwa kifua kikuu yeye akiwa mdogo sana, akalelewa na babu na bibi. Wakati wa vita alisoma shule ya ufundi huku akifanya kazi kwenye karakana ya meli. Vita vilipoisha alishindwa kuingia chuo kikuu kwa sababu ya afya. Akaenda kisiwa cha Kyushu, akaona mafundi saa ni wachache, akaanza kutengeneza saa akiwa bado kijana mdogo. Kutoka saa akahamia redio.

Alivyokusanya nguvu na kurudi Osaka akitaka tena kusoma, kifua kikuu kikamkamata na yeye. Akalala hospitali miaka kadhaa. Kilichomwokoa ni dawa ya streptomycin, ambayo wakati huo ilikuwa mpya na bado inajaribiwa. Alipotoka, mwaka 1954, akafungua duka la vifaa vya umeme. Halafu akavutwa na vinanda vya umeme. Mwaka 1960 akaanzisha kampuni ya kwanza, na mwaka 1972 akaanzisha Roland.

Mwaka 1980 Roland wakatoa mashine ya dramu iliyoitwa TR-808. Kwa kifupi, ilionekana imefeli. Haikusikika kama dramu za kweli, wanamuziki wengi wakaidharau. Zilitengenezwa kama 12,000 tu, na mwaka 1983 uzalishaji ukasimamishwa. Zikaishia kuuzwa kwa bei ya kutupa kwenye maduka ya mitumba, na walioweza kuzinunua kwa bei hiyo ni vijana wasio na hela waliokuwa wanaanzisha hip hop na muziki wa kielektroniki. Ule mdundo mzito unaotetemesha vioo vya gari, ambao maprodyuza wanauita "808" kana kwamba ni jina la ala, ni mtoto wa mashine hiyo.

Kuna siri nyingine ndani yake. Sehemu ya ule mchanganyiko wa sauti ya 808 ilitokana na transista mbovu. Kakehashi alizinunua makusudi zile ambazo kiwanda kilizikataa, kwa sababu zilikuwa na mvumo wa pekee. Teknolojia ya transista ilipoboreka, mbovu za aina ile hazikupatikana tena, na hiyo ni sababu mojawapo iliyoelezwa ya mashine kusimamishwa. Mtu aliyekulia kwenye kutengeneza vilivyoharibika aliona thamani kwenye kilichotupwa.

Lakini usikimbilie kushangilia. 808 haikuchorwa na Kakehashi peke yake na bisibisi yake. Kufikia hapo alikuwa na kampuni yenye wahandisi waliokwenda shule. Na kazi yake kubwa kuliko zote labda siyo hata 808. Ni MIDI, lugha inayowezesha kinanda cha kampuni hii kuongea na mashine ya kampuni ile, na ambayo mpaka leo ipo kwenye kompyuta ya kila studio. Hiyo aliisukuma pamoja na Mmarekani Dave Smith, msomi wa kompyuta na umeme kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. MIDI ilionyeshwa hadharani mwaka 1983. Mwaka 2013 wote wawili, fundi saa na mwenye digrii, wakapewa Grammy ya ufundi kwa kazi hiyohiyo moja.

Kingston: jeshi, redio na mtaa

Ukienda Jamaika unakuta kisa kinachofanana sana na mitaa ya kwetu. Miaka ya 1940 na 1950 watu wa kawaida wa Kingston hawakuwa na uwezo wa kuita bendi. Walichotaka ni santuri na spika kubwa uwanjani, watu wacheze. Nani atatengeneza amplifaya ya kujaza uwanja mzima?

Mmoja wao alikuwa Hedley Jones. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la anga la Uingereza na kufundishwa mambo ya rada. Aliporudi nyumbani akafungua kazi ya redio, na akamtengenezea amplifaya Tom Wong, mwenye disko maarufu lililoitwa Tom the Great Sebastian. Digrii hakuwa nayo, ila usidanganyike kwamba hakusoma. Jeshi lilimfundisha elektroniki ngumu kuliko iliyokuwa inahitajika kwenye redio yoyote ya Kingston.

Kizazi kilichofuata kikamtoa Osbourne Ruddock, anayejulikana kama King Tubby. Fundi redio, msuka transfoma, mtu wa kutengeneza amplifaya za wenye madisko. Kwenye chumba kidogo cha nyumba yake, mtaa wa Waterhouse, aliweka meza ya kuchanganyia sauti yenye njia nne tu. Kwa kuwa alijua umeme unapita wapi ndani ya meza ile, alianza kuitumia kama ala. Anazima sauti ya mwimbaji, anaacha besi na dramu, anarudisha neno moja likiwa linarudiarudia kama mwangwi korongoni. Ndiyo dub. Remix unayoijua leo inamdai sana. Aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake mwaka 1989.

Dereva wa lori wa Kinshasa

Karibu zaidi na nyumbani yupo Mawangu Mingiedi, dereva wa lori mjini Kinshasa. Yeye alipiga likembe, ala ya vyuma vyembamba vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, ndugu wa damu wa ile ilimba ya Wagogo wa Dodoma. Kijijini likembe inasikika vizuri. Kinshasa, katikati ya magari na kelele za jiji, nani atakusikia?

Mingiedi akatatua kidereva. Akachukua sumaku kutoka kwenye vipuri vya magari, akazungushia waya, akatengeneza kinasa sauti cha likembe yake. Spika zikawa zile pembe za bati za kutangazia. Sauti ikatoka inakwaruza vibaya sana, na yeye na kundi lake, Konono N°1 lililoanza miaka ya 1960, wakaufanya mkwaruzo huo sehemu ya muziki. Mwaka 2004 rekodi yao Congotronics ikatoka Ulaya, wapenzi wa muziki wa kielektroniki wakashika vichwa. Baadaye wakashiriki kwenye albamu ya mpiga piano Herbie Hancock, na wimbo walioshiriki ukapata Grammy mwaka 2011.

Mingiedi hakuvumbua kanuni mpya. Sumaku na waya ni kanuni ileile ya gitaa la Fender na ileile ya spika na maiki nyingi. Ila aliijua vya kutosha kuijenga kwa vipuri alivyonavyo.

Haya, sasa waite wenye shahada

Mpaka hapa wa pili kijiweni anacheka. "Si nilisema? Chuo cha nini?" Atulie kidogo, upande mwingine nao una mashahidi.

Amar Bose, mwenye jina lililoandikwa kwenye spika na hedifoni kibao, alikuwa na shahada ya uzamivu kutoka MIT na akafundisha palepale miaka zaidi ya 40. Mwaka 1956, alipomaliza masomo, alinunua seti ya muziki ya gharama kubwa kujipongeza. Kwenye karatasi vipimo vyake vilikuwa safi. Alipoiwasha, ikamkera. Akaanza kuchunguza kwa nini vipimo vinasema nzuri na sikio linasema mbaya, na mwaka 1964 akaanzisha kampuni. Mwaka 1978, akiwa ndani ya ndege akitokea Ulaya, akaanza kupiga hesabu za hedifoni zinazofuta mngurumo kwa kuuzalishia wimbi kinyume. Kitu hicho hukifikii kwa kubahatisha. Lazima ujue hesabu za mawimbi, na ilichukua zaidi ya miaka 10 kufika sokoni.

Andy Hildebrand ndiye kiboko. Alikuwa na shahada ya uzamivu ya uhandisi wa umeme kutoka Chuo Kikuu cha Illinois, na kazi yake ilikuwa kwenye utafutaji wa mafuta. Wanalipua baruti, wanasikiliza mwangwi unavyorudi kutoka chini ya ardhi, hesabu zinawaambia mafuta yako wapi. Baada ya kuacha kazi hiyo akaingia kwenye muziki. Hesabu zilezile za kuchambua mwangwi akazitumia kugundua mwimbaji amekosea noti kwa kiasi gani, na kumrekebisha hapohapo. Mwaka 1997 akatoa Auto-Tune. Mwaka 1998 Cher akaitumia kwa fujo kwenye "Believe", na kuanzia hapo dunia haikurudi nyuma. Leo ukiitoa Auto-Tune kwenye Bongo Fleva, chati zinabaki na mashimo.

Sasa weka wawili pamoja. Mwaka 2008 Kanye West alitoa albamu aliyoiita 808s & Heartbreak. Mdundo wa albamu nzima ni mashine ya yule aliyekwama mlangoni mwa chuo kikuu. Sauti ya kuimba imepitishwa kwenye programu ya daktari wa uhandisi. Msikilizaji hakuuliza nani ana cheti.

Halafu kuna jambo la Bose ambalo wengi hawalijui. Wakati wa vita, akiwa na miaka 13, alikuwa anatengeneza redio za watu nyumbani kwao Philadelphia ili kusaidia familia. Yaani profesa naye alianza kama fundi redio wa mtaani. Ray Dolby, ambaye jina lake lilikuwa kwenye kitufe cha kila redio kaseti nzuri, alikuwa kibaruani kwenye kampuni ya mashine za kurekodi ya Ampex akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Shahada za Stanford na Cambridge zikaja baadaye.

Nani alikokotoa boksi lako?

Rudi kwa yule kijana wa mwanzo na boksi lake. Kwa nini boksi moja linatoa besi safi na lingine linavuma kama pipa, na spika ni ileile?

Kwa miaka mingi watengenezaji walikuwa wanajaribu tu. Ongeza ukubwa, punguza, toboa tundu hapa, sikiliza, vunja, anza upya. Mwaka 1961 mhandisi Neville Thiele wa Australia akaonyesha kwamba boksi, tundu na spika vinaweza kukokotolewa kama saketi ya umeme. Richard Small, kwenye Chuo Kikuu cha Sydney, akaendeleza kazi hiyo miaka ya 1970 kwa shahada yake ya uzamivu. Zile namba zilizoandikwa kwenye karatasi ya spika mpya, Fs, Vas, Qts, zimetoka kwao. Leo fundi anaziingiza kwenye programu ya bure kwenye simu, inamwambia lita za boksi na urefu wa bomba la hewa.

Kwa hiyo yule kijana "asiye na digrii" akitumia programu ile, digrii ipo kazini. Ni ya mtu mwingine, imesafiri kutoka Sydney mpaka kwenye simu yake, bure. Na yule asiyeitumia kabisa, aliyekopi boksi la jirani lililolia vizuri, anaifuata digrii ileile kwa mlango wa nyuma.

Ukichimba mpaka mwanzo kabisa unakuta jambo lilelile limegeuzwa. Kanuni ya sumaku na waya iligunduliwa mwaka 1831 na Michael Faraday wa London. Alikuwa mtoto wa mhunzi, alianza maisha kama mwanafunzi wa kujalidi vitabu, chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi, na hesabu zilimpiga chenga maisha yake yote. James Clerk Maxwell, msomi wa Cambridge, ndiye aliyekuja kuyageuza mawazo ya Faraday kuwa hesabu, na kwenye hesabu hizo ndipo mawimbi ya redio yalipoonekana kabla hata mtu hajayapata. Faraday peke yake asingeyaona. Na Maxwell bila Faraday asingekuwa na cha kuandika.

Kwa hiyo digrii ina kazi au haina?

Ukiwapanga mashahidi hawa kwenye mstari, kuna kitu kinajitokeza. Waliotoka benchi walishinda pale ambapo swali lingeweza kujibiwa kwa sikio na mkono: hiki kinavunjika wapi, watu wanataka sauti ipi, kwa vipuri hivi nitafanyaje. Waliotoka darasani walishinda pale ambapo sikio halifiki: wimbi kinyume, kosa la noti, lita za boksi. Kitu kikubwa kilipotokea, kama MIDI, wa benchi na wa darasani walikuwa chumba kimoja. Na hakuna hata mmoja kati yao ambaye hakusoma. Wengine walisoma kwa profesa, wengine jeshini, wengine kwenye redio za watu zilizoungua, ila walisoma kwa miaka.

Hapo ndipo wa pili kijiweni anapopotosha watu. Hadithi za Fender na Kakehashi zinasimuliwa kwa sababu walifika. Maelfu ya maduka ya redio yaliyofungwa mwaka uleule hayana anayeyasimulia. Kijana akiacha chuo kwa sababu Leo Fender hakusomea umeme, akumbuke Fender alikaa miaka zaidi ya 10 akitengeneza vya wenzake kabla Telecaster haijatoka. Tena umeme hauna utani. Ndani ya amplifaya ya valvu kunaweza kuwa na zaidi ya volti 400, na kapasita zake zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Asiyefundishwa hilo anaweza kulijua mara moja tu.

Mjomba wa cheti naye ana lake. Tanzania, jina la mhandisi linalindwa kisheria. Tangu sheria ya mwaka 1997, anayejiita hivyo anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na hiyo inalinda watu dhidi ya maghorofa yanayoanguka. Lakini cheti kinathibitisha ulichofundishwa. Hakisemi kama boksi lako linalia. Na kwa fundi ambaye mkono wake unajua ila karatasi hana, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: unapimwa kazini, ukionekana unaweza, unapewa cheti. Kwa anayetaka tenda au mkopo, karatasi hiyo ni mlango. Mafundi wengi hawajui hata kama ipo.

Kiswahili chenyewe kilishaweka mambo sawa zamani. Neno fundi halikuanza kama neno la mtu aliyekosa shule. Fundi ni anayejua kazi kiasi cha kufundisha, na fundi na kufunda yanasikika jirani sana. Redioni mpaka leo mtangazaji anamshukuru "fundi mitambo", awe na digrii au asiwe nayo, na hakuna anayeona ni tusi.

Kinachotakiwa kumtia mtu wasiwasi ni kitu kingine. Kingston wana King Tubby kwa sababu kazi yake iliwekwa kwenye santuri na watu wakaihadithia. Kinshasa wana Mingiedi kwa sababu rekodi ilitoka. Luthuli Avenue pale Nairobi, ambako spika za matatu zinanunuliwa na kurekebishwa, na Kariakoo pale Dar, kuna wazee waliotengeneza amplifaya tangu zama za valvu. Hesabu zao ziko kichwani, michoro yao iko kwenye vipande vya boksi la sigara. Aliyesoma anaweza kukaa nao wiki moja akayaandika wanayoyajua, na wao wakamwonyesha kwa nini saketi yake iliyo sahihi kitabuni inaungua kila umeme ukipanda na kushuka. Ubishi wa digrii unawafanya wasikae meza moja, na mzee akiondoka, kila kitu kinaondoka naye.

Mtaani kwako yupo wa namna hiyo? Jina si lazima ulitaje. Sema tu anatengeneza nini, na kama kuna kijana yeyote anayekaa pembeni yake akijifunza.